Simu Iliyosema kwa Sauti Yangu

Mwezi wa saba mwaka huu mjukuu wa Mama Anzelima aliolewa hapa Sumbawanga, na sisi wanne tuliowahi kuishi nyumbani kwa mama huyo, mtaa wa Kizwite, tukajikuta tumekaa meza moja ukumbini, tumejifunika makoti na mitandio mizito kwa sababu baridi ya Ufipa haijali kama kuna harusi. Mshereheshaji alikuwa ameombwa atutambulishe. Akashika kipaza sauti na kutangaza, "Na pale kona tunao mafundi simu wa zamani wa bibi!" Ukumbi ukapiga makofi. Injinia Lwitiko, ambaye nywele zimemwisha kabisa sasa, aliinuka nusu, akaketi, akaninong'oneza, "Mafundi simu, Gau? Yaani sisi ni mafundi simu?" Halima, aliyesafiri kutoka Tanga kwa ajili ya siku ile, alicheka mpaka soda ikammwagikia. Masanja alikuwa anashughulika na mbavu za mbuzi, akasema kwa utulivu wake ule ule, "Si kakosea sana. Kufungua tulizifungua." Binti mmoja wa meza ya jirani akaniuliza, "Shangazi, ni kweli mliwahi kutengeneza simu?" Nikamjibu kwamba simu zenyewe ziliunganishwa Dar es Salaam, sisi tulitengeneza akili yake. Alinitazama kwa heshima iliyochanganyika na mashaka, akarudi kwenye simu yake. Nikaona basi ni vyema niandike, maana kumbe hata waliokulia mjini hapa hawajui kwamba jambo hilo lilitokea.

Nilizaliwa wapi na nani alinilea, hayo nayaruka. Wanangu wameshayasikia mpaka wamechoka. Naanzia asubuhi moja mvua zikielekea kuisha, nikiwa na shahada yangu ya Kiswahili, nafundisha kwa kujitolea shule moja ya sekondari huku nikingoja ajira ya serikali. Mkuu wa shule aliniita ofisini kwake. Nikamkuta na mgeni mrefu aliyevaa sweta mbili, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu ambaye ungedhani baridi kaizoea. Huyo ndiye Injinia Lwitiko. Hakuniuliza vyeti. Aliniuliza, "Mwalimu, mtu akiiomba simu yake ifanye kitu, simu ikashindwa, imwambieje?" Nilidhani ananitania. "Imwambie imeshindwa," nikasema. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta chumvi imekolea. "Unajua simu za sasa zinasemaje? Zinasema hitilafu isiyojulikana imetokea. Mama yangu aliposoma hayo aliizima simu, akaifungia kabatini wiki nzima." Jumatatu iliyofuata nikaenda Kizwite kufanya naye kazi.

Kampuni yake ilikuwa inauza simu za bei nafuu. Kasha, kioo na betri vilikuwa vyao, lakini mfumo wa ndani, ile akili inayoamua ukibonyeza hapa kitokee nini, ulikuwa wa kuazima kutoka kwa kampuni kubwa ya ng'ambo. Wenye mfumo walibadilisha masharti walivyotaka. Kila toleo jipya lilikuja zito kuliko lililopita, na simu ndogo za wateja wetu zikawa zinakwama kabla hata rangi haijachubuka. "Tulikuwa kama mpangaji ambaye haruhusiwi hata kusogeza kitanda," Injinia aliniambia. Aliwaomba wakurugenzi wamruhusu ajenge mfumo wa kampuni yenyewe, mwepesi, unaozungumza Kiswahili tangu kuzaliwa. Wakampa mwaka mmoja na watu wachache. Mahali pa kufanyia kazi alichagua mwenyewe. Wenzake walidhani ana wazimu, lakini alikuwa na hoja. Ufipa, alisema, ina baridi inayokausha betri, ina milima inayokata mtandao, ina watu wanaochaji simu siku ya gulio tu. Simu ikiishi hapa, itaishi popote. Nadhani pia alitaka kuwa mbali na wakurugenzi.

Nyumba ya Mama Anzelima ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na sebule yake kubwa tuliigeuza karakana. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyotoka kwenye ukumbi wa parokia, na juu yake simu zimelala wazi, nyaya zinatoka ubavuni, kama samaki waliopasuliwa wakingoja kuanikwa. Picha ya Moyo Mtakatifu ilitutazama kutoka ukutani. Mama mwenye nyumba alikataa iondolewe, akasema tutaihitaji. Dirishani ulionekana uwanda wa nyasi ukienda mpaka Milima ya Mbizi, na upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango ukipiga filimbi. Halima ndiye aliyekuwa akiandika programu. Alikuwa hajawahi kuona moshi ukitoka kinywani mwake mwenyewe. Asubuhi ya kwanza nilimkuta kakaa mbele ya kompyuta amejifunga kanga mbili, kanga ya tatu kichwani, na miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. "Shoga," aliniambia kabla hatujajuana hata majina, "nyie huku mnaishije?" Masanja yeye alishughulika na vyuma: redio ya simu, betri, kioo. Wazazi wake walihama kutoka Usukumani na ng'ombe wao alipokuwa mdogo, wakateremka mpaka bondeni karibu na Muze, na yeye alikuwa akiongea Kisukuma na baba yake, Kifipa sokoni, na Kiswahili na sisi. Akiwa na chuma mkononi haongei kabisa.

Kazi yetu sasa ninaikumbuka zaidi kwa chakula. Saa sita mchana Mama Anzelima alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko, hata kama dunia inaungua ungeacha ulichoshika. Ugali wa ulezi, mweusi na mlaini, maharage yaliyokaa motoni tangu alfajiri, na siku lori la samaki kutoka Kipili, kule ziwani, likipita, migebuka ya kukaanga. Halima aliukataa ugali ule wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaumega kwa adabu. Baada ya hapo tukawa tunagombania ukoko. Jikoni ndiko tulikosikia habari zote, kwa sababu majirani walikuja kuchukua moto na hawakujua kwamba ukuta kati ya jiko na sebule ni mwembamba. "Wale watoto wa simu," tulimsikia jirani mmoja akisema, "wanagombana kutwa nzima kwa sababu ya maneno." Mama Anzelima akajibu kwa sauti ya mtu mwenye siri kubwa, "Waache, mwenzangu. Wanaifundisha kuongea."

Na kweli tuligombana. Mimi nilitaka simu iseme kama mtu: nimekwama, subiri kidogo, nina njaa ya chaji. Injinia alipinga. "Simu si mtu, Gau. Ikianza kusema 'mimi,' kesho watu wataitukana." Halima akamwambia watu wanaitukana tangu zamani, angalau sasa itakuwa na la kujibu. Tulimaliza siku nzima kwenye neno moja la kuacha jambo ulilolianza, tukalijaribu kwa kila aliyepita uani, mpaka tukakubaliana kwamba kitufe kiseme tu "Basi, acha." Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa salamu. Ukiiwasha simu, ikuambieje? Mimi nilipendekeza "Karibu." Halima akasema karibu ni neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni yule aliyeinunua simu, sasa anakaribishwaje kwake? Injinia akasema basi isiseme kitu. Ndipo Masanja, ambaye hatukujua kama anasikiliza, akainua uso kutoka kwenye betri. "Iamkie," alisema.

"Iamkie nani? Haijui umri wa mtu," Injinia akasema.

"Ya nini ijue? Yenyewe haina hata mwaka. Mkubwa wake ni kila mtu. Isalimie shikamoo."

Halima akaanza kucheka, nami nikafuata, na Injinia akavua miwani akafuta macho. Mchana ule ule Halima aliiandika. Ukiiwasha, kioo kinaandika "Shikamoo," na chini yake panatokea kitufe kimoja kikubwa chenye neno "Marahaba." Usipobonyeza, haifunguki. Tulimpa Mama Anzelima ajaribu. Akakisoma kile kioo polepole, akanyoosha mgongo, akabonyeza kwa kidole cha shahada kama anayebariki. "Huyu ana malezi," akasema, na kuanzia siku hiyo simu ile akaiita mjukuu.

Kisha ikaja habari ya sauti. Wengi tuliotaka kuwapa simu hawakuwa wasomaji wa haraka, na Injinia alitaka simu iweze kutamka kila kilichoandikwa kwenye kioo chake. Ilitupasa kumrekodi mtu, tena mahali pasipo na mwangwi. Tulijaribu chumbani, tukasikia jogoo. Tukajaribu kanisani, sauti ikawa ya Malaika Gabrieli. Mwishowe Mama Anzelima akafungua stoo yake ya mahindi. Magunia yalipangwa mpaka darini, nami nikaketi katikati yake kwenye kigoda, kipaza sauti kimefungwa kwenye mpini wa jembe, mlango umefungwa, vumbi la mahindi likinitekenya pua. Nilisema "shikamoo" mpaka neno lenyewe likapoteza maana. Nilisema namba zote, siku zote, miezi yote. Halima alikuwa nje anasikiliza, akigonga mlango mara moja nikikosea, mara mbili nikipiga chafya. Tulipopeleka sauti hizo Dar es Salaam, ofisi kuu ikajibu kwamba msemaji ana lafudhi ya Kifipa na ingefaa atafutwe mtangazaji. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Halima, mtoto wa Tanga ambaye Kiswahili chake ni kama maji ya mtungi, akaichukua ile simu ya Injinia mkononi mwake na kuzungumza na ofisi kuu mwenyewe. "Lafudhi ni nini? Kila mtu anayo. Na nyie mnayo, sema hamjisikii. Sauti itabaki ya Gaudensia." Akakata. Injinia alikodoa macho, lakini hakupiga tena kurekebisha.

Kiangazi kilipokolea tulisambaza simu za majaribio. Tuliwapa mwalimu wa kwaya ya parokia, wakulima wa ulezi wa vijijini, mama mmoja aitwaye Oliva aliyekuwa akileta samaki kutoka Kipili, na tukateremka bondeni kwa kina Masanja. Ile njia ya kushuka Muze inakuvua nguo moja moja. Tulianza na makoti, tukafika chini na fulana. Mzee Ngassa, baba yake Masanja, alitupokea zizini. Masanja akamwinamia na kumwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," kisha akampa simu. Mzee akaiwasha. Simu ikasema "Shikamoo" kwa sauti yangu, nami nilikuwa nimesimama palepale mbele yake. Akanitazama mimi, akaitazama simu, akanitazama tena. "Marahaba," akaniambia mimi. Kisha akaielekea simu, "Na wewe pia." Tukaanza kucheka wote, hata wake za wanawe waliokuwa wakikamua maziwa. Kitu alichokipenda zaidi ni kwamba angeweza kurekodi maneno yake pale zizini pasipo mtandao, akaiweka simu mfukoni, na siku akipanda mlimani maneno yale yangeondoka yenyewe kumfuata aliyetumiwa. Halima na Masanja ndio waliohangaikia jambo hilo miezi mingi, pamoja na ile hila ya kuifanya simu ipumzike mahali pasipo mtandao badala ya kuutafuta kutwa nzima mpaka betri ife. Nikipita sokoni siku hizo watu walikuwa wakinigeukia nikisema tu bei ya nyanya. "Wewe! Si ndiye wa ndani ya simu?" Nilipunguziwa bei mara kadhaa kwa sababu hiyo.

Kumbe wakati sisi tunafurahi, huko ofisi kuu mambo yalikuwa yanapoa. Asubuhi moja nilikuwa jikoni namenya viazi na Mama Anzelima, tukamsikia Injinia upande wa pili wa ukuta akizungumza na mkurugenzi wake, simu ikiwa kwenye spika. Mkurugenzi huyo alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya upole, na upole ule ndio ulionitia hofu. "Lwitiko, umejitahidi, hakuna anayesema hukujitahidi. Lakini wenzangu wanauliza, kwa nini tujenge nyumba wakati ya kupanga ipo? Nitakuja mwenyewe mwisho wa mwezi. Wale mliowapa simu nitawapa nyingine nzuri, wasibaki mikono mitupu. Kisha mrudi nyumbani." Injinia alisema, "Sawa, mama," akakata simu. Mama Anzelima aliweka kisu chini. Kisha akakishika tena, akamenya kiazi kilichokuwa mkononi mwangu, akakitia kwenye sufuria, akashika kingine. Mchana ule Injinia alituambia yote bila kuzunguka. Halima akasema tunayo wiki chache, tutumie kila saa.

Pengine haraka hiyo ndiyo iliyotuponza. Halima aliandika toleo jipya lililofanya simu iwake upesi zaidi. Tulilijaribu kwenye simu zote za mezani, zikawaka vizuri, tukalituma kwa watu. Kesho yake asubuhi mwalimu wa kwaya akabisha hodi, simu yake kaifunga kwenye leso. Imekwama kwenye kioo cheusi, haiamkii mtu. Nyuma yake alikuwepo mkulima wa ulezi. Nyuma yake akaja fundi cherehani. Kufikia saa nne ua ulikuwa umejaa, na Masanja akagundua kilichotokea: zile simu za mezani zilikuwa tupu, lakini za watu zilijaa mazoezi ya kwaya, picha za ubatizo, sauti za watoto. Toleo jipya lilikosa nafasi ya kukaa, likabanwa mlangoni, halitoki wala haliingii.

"Zifute zote," Injinia akasema. Alikuwa amepauka. "Ukizifuta zinaamka sasa hivi. Mama Mkurugenzi yuko njiani, kanipigia yuko Laela, karibu anaingia."

"Sizifuti," Halima akasema bila kugeuka.

"Halima, anakuja kufunga kazi hii. Akikuta ua umejaa simu zilizokufa, unadhani atasemaje?"

"Aseme atakavyo. Kuna mtu hapo uani amehifadhi sauti ya mwanawe kwenye simu hizi. Nipe mpaka mchana, nitaandika kitu cha kulisukuma lile toleo litoke bila kugusa vya watu." Vidole vyake viliendelea kuchapa. Injinia alisimama nyuma yake kwa muda. Halafu akavuta kiti, akaketi pembeni yake, akasema, "Nionyeshe nikusaidie wapi." Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu siku ile, na wote huwa nawapima kwa kile kiti.

Mimi nilitoka uani kuwaeleza watu. Niliogopa watapiga kelele. Mama Anzelima alikuwa ameshawasha jiko la pili, anagawa chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, kwa hiyo kila mtu alikuwa na kikombe. Mzee Ngassa alikuwa amepanda na gari la mchele kutoka bondeni, kofia yake magotini. Katikati ya hali hiyo gari la kampuni likaingia. Akashuka mwanamke mfupi mwenye mvi, aliyevaa kitenge na koti la sufi, akautazama ua wote ule. Sitaji jina lake, alishastaafu na hapendi mambo ya kutajwa. "Shikamoo, mama," nikasema. Aliitika, kisha akasimama ghafla. "Ndiwe mwenye ile sauti," akasema. Nikakiri. Nikamweleza pia yaliyotokea, yote, kwa sababu hapakuwa na namna ya kuuficha umati. Alisikiliza, akamwagiza dereva ashushe maboksi.

Yalikuwa maboksi ya simu mpya, nzuri, nyembamba, zenye ule mfumo wa kuazima. Akasimama mbele ya watu akawaomba radhi kwa usumbufu, akasema kila mwenye simu iliyokufa aje achukue mpya, bure, aende nyumbani. Vijana wawili wa stendi walinyanyuka mara moja, wakachukua, wakashukuru, wakaondoka wakizipapasa. Siwalaumu, zilikuwa simu nzuri hasa. Fundi cherehani alikuja, akaigeuza ile mpya mkononi, akauliza, "Hii inaongea?" Dereva akasema itaongea ukiiwekea Kiingereza. Akairudisha. Oliva, yule mama wa samaki, hakuinuka hata kidogo. "Mimi nangoja yangu," akasema. Mama Mkurugenzi akamwendea, akakaa kando yake kwenye benchi, akamuuliza kwa nini. Oliva akashangaa kuulizwa. "Mama yangu, mimi shule niliishia la pili. Simu zote nilizopata kabla ya hii, nilikuwa nampa mtu anisomee. Mtu akishakusomea ujumbe wako, keshajua mambo yako. Hii inanisomea mwenyewe sikioni. Sasa niichukue bubu ya nini?"

"Na wewe, mzee wangu?" Mama Mkurugenzi akamgeukia Mzee Ngassa.

Mzee alifikiri. "Hiyo yako itakaa na chaji siku ngapi?"

"Siku moja, mzee. Mbili ukiitunza."

"Sola yangu iko kwa jirani, kwa mguu ni mbali." Akaivaa kofia yake, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha. "Nitangoja na huyu mama."

Tukangoja wote. Mkurugenzi akapewa chai, akapewa kiazi, akala kama sisi. Jua lilikuwa limeshavuka utosi Halima alipotokea mlangoni, macho mekundu, ameshika simu ya Mama Anzelima kwa mikono miwili. Akaiwasha palepale kizingitini na kuinyanyua juu. Kwa muda fulani sikusikia ila upepo. Kisha sauti yangu, ile ya kwenye magunia ya mahindi, ikatoka kwenye kile kidude ikasema "Shikamoo," na ua mzima, wakulima, kwaya, wauza samaki, na mama mmoja mwenye mvi kutoka Dar es Salaam, ukaitikia kwa pamoja, "Marahaba!" Mama Anzelima akapiga vigelegele. Halima akakaa chini mlangoni pale pale, akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, na Mzee Ngassa akamwambia ajikaze, bado yake.

Kila kitu cha watu kilikuwepo, picha na nyimbo na sauti. Asubuhi iliyofuata Mama Mkurugenzi alikunywa uji wa ulezi nasi, akamwambia dereva apakie maboksi yarudi. "Lwitiko," alisema akiwa na mguu mmoja ndani ya gari, "nilikuja na hotuba ya kuwaaga. Nimeisahau." Simu ile ilitoka mwaka uliofuata. Iliuzwa Rukwa, Katavi, Kigoma na hata kusini, kwa miaka kadhaa. Haikuwatajirisha waliokuwa nayo wala sisi. Baadaye kampuni iliungana na nyingine kubwa zaidi, wakubwa wapya wakarudi kwenye mfumo wa kuazima, na yetu ikanyamaza pole pole, moja moja, kadiri betri zake zilivyochoka. Watu huniuliza kama inaniuma. Iliniuma. Lakini Oliva alijifunza kusoma kwa kufuatisha maneno kwenye kioo huku nikimtamkia sikioni, jambo ambalo sikulijua mpaka alipokuja kuniambia mwenyewe, na mimi nikatoka pale nikijua ninachotaka kufanya na Kiswahili changu. Vitabu vya watoto ninavyoandika leo vinaongea kwa namna ile ile tuliyogombania mezani.

Na nikiulizwa mwaka ule uliishaje, huwa sisemi habari za gari wala hotuba. Jumamosi ya wiki ile ile Injinia alifunga sebule kwa kufuli, akatupakia sote kwenye pikapu ya kuazima, tukapita Namanyere tukashuka mpaka Kipili. Ziwa Tanganyika lilikuwa limetulia, la bluu mpaka chini, na maji yake yalikuwa na joto ambalo Halima hakuwa amelionja tangu aondoke kwao. Aliingia na nguo zake zote akipiga mayowe ya raha. Mama Anzelima alikaa kwenye jiwe, kakunja sketi magotini, anatuamrisha tusifike mbali. Masanja alisimama maji yakimfika kifuani, akatangaza kwamba hapo panamtosha. Mimi nilikuwa nimekulia saa chache tu kutoka ziwa lile na sikujua kuogelea. "Njoo, shoga, lala kifudifudi," Halima akasema, akanishika tumbo kwa viganja vyake. "Piga miguu. Usinikabe! Tazama mbele." Nikatazama mbele, visiwa vikiwa vimejaa jua, nikapiga miguu, nikameza maji, nikakohoa, nikapiga tena. Nilikuwa namwambia Halima kwa Kifipa asiniachie, tafadhali asiniachie, na sikusikia akijibu. Nikageuza shingo kumtafuta. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na Masanja, mikono yake yote miwili hewani, na Injinia Lwitiko alikuwa ufukweni, suruali kaikunja, anarukaruka kama mtoto na kunipigia kelele, "Endelea, Gau! Endelea!"